Farasi Anayeogopa Tandiko: Majibu kwa Wasomaji

Barua za mwezi huu zimetoka sehemu zilizo mbalimbali, lakini tano kati yake zinazunguka jambo moja, nalo ni mnyama anayekataa kuwekewa kitu au mtu mgongoni. Nimezijibu pamoja. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine, kwa kuwa mengi yaliyomo katika jibu lake yanawahusu wote walioandika.

*Mhariri, salamu. Mimi ni saisi katika mazizi ya mtu binafsi huko Karen, Nairobi. Mwajiri wangu amenunua farasi dume aliyehasiwa, wa miaka sita, aliyestaafu mbio za Ngong. Nikimpiga brashi anatulia kama kondoo, lakini akiona tandiko mkononi mwangu anainua kichwa, anakaza mkia na kuzungukazunguka bandani mpaka ananibana ukutani. Mkanda wa tumbo ukifungwa anavimbisha mbavu na kutaka kuuma. Kumpanda ndiyo kazi kubwa zaidi, maana hasimami hata kidogo, na juzi amemwangusha kijana wa mwajiri. Mwajiri anasema huu ni ukaidi, na kwamba tumfunge kigingini akiwa ametandikwa kutwa nzima mpaka azoee mwenyewe. Mimi moyo wangu unakataa. Nifanyeje? — Saisi, Karen*

Bwana Saisi, moyo wako haukukudanganya, na nakuomba umsomee mwajiri wako jibu hili kabla kigingi hakijachimbiwa.

Uchunguzi utangulie, mafunzo yafuate. Farasi hapigi ukelele akiumia kama afanyavyo mbwa. Akiumia mgongoni huinua kichwa, akiumia tumboni huuma mkanda, nasi tunaotazama kando huandika kuwa ni mkaidi. Dalili ulizozitaja, hasa hiyo ya kuvimbisha mbavu na kutaka kuuma mkanda unapokazwa, zinapaswa kutufanya tufikirie vidonda vya tumbo kabla ya kufikiria tabia. Tumbo la farasi hutoa asidi mchana na usiku, awe anakula au hali, kwa sababu ameumbwa kutafuna nyasi kwa sehemu kubwa ya siku. Farasi wa mbio hulishwa nafaka kwa wingi na nyasi kwa uchache, husafirishwa na kukimbizwa, ndiyo maana vidonda hivi ni vya kawaida sana kwao. Daktari wa mifugo huvithibitisha kwa kupitisha kamera nyembamba puani hadi tumboni, na dawa zake zipo. Wakati mnamsubiri, farasi asikae saa nyingi bila nyasi, na umpe fungu dogo la nyasi kavu kabla ya kazi yoyote, ili tumbo lisiwe tupu asidi inapotikisika.

Mgongo unaweza kuupima mwenyewe. Asubuhi, kabla hajafanya kazi, simama ubavuni mwake, weka ncha za vidole upana wa kiganja kutoka kwenye uti wa mgongo, kisha uzisogeze polepole kutoka mabegani hadi kiunoni, ukibonyeza kwa nguvu ileile unayotumia kujaribu kama embe limeiva. Ngozi ikichezacheza kama inayofukuza nzi, si neno. Lakini akiudidimiza mgongo ili kuvikwepa vidole vyako, au misuli ikikaza kama ubao, au akigeuza kichwa huku masikio yamelala nyuma, na akarudia hivyo kila unapopita mahali palepale, weka alama mahali hapo na umwoneshe daktari. Angalia pia kilele cha mabega, yaani pale palipoinuka ambapo shingo hukutana na mgongo. Ukiona mabaka ya nywele nyeupe kwa farasi ambaye mwili wake ni wa rangi nyingine, ujue kuna tandiko lililowahi kumbana hapo mpaka ngozi ikaumia. Meno nayo yakaguliwe siku hiyohiyo, kwa sababu jino lenye ncha kali hukutana na lijamu, yaani chuma cha mdomoni, kila kigwe, ile kamba anayoshika mpandaji, kinapovutwa.

Tandiko lenyewe nalo lishukiwe. Mtu akiwa ameketi, vidole viwili au vitatu vipite kati ya upinde wa mbele na kilele cha mabega. Mfereji wa katikati usiuguse uti wa mgongo popote. Na nyuma lisivuke ubavu wa mwisho, ambao ni wa 18, kwa kuwa baada ya hapo hakuna mbavu za kuupokea uzito. Farasi aliyetoka mbioni hubadilika umbo anapopumzishwa, anapoteza misuli huku na kunenepa kule, hivyo tandiko lililomkaa vizuri Januari huenda likambana ifikapo Juni.

Tuseme sasa daktari ameridhika. Hapo ndipo inafaa kumuuliza farasi huyu alifundishwa nini huko alikotoka, kwa maana hakuja kwenu akiwa karatasi tupu. Tandiko la siku ya mbio lina uzito usiofika hata kilo moja, na mpandaji wake hukunja magoti juu, karibu na mabega ya farasi, miguu yake isimkumbatie mbavu. Mpandaji huyo naye hapandi kwa kutia mguu kwenye kikuku, ile pete ya kukanyagia inayoning'inia kwenye tandiko. Hunyanyuliwa na mtu kwa goti, mara nyingi farasi akiwa bado anatembea. Mbioni, kigwe kikikaza, farasi wengi hukiegemea na kuongeza mwendo. Basi fikiria siku ile mlipomwekea tandiko zito la ngozi, kijana akaning'inia upande mmoja kwa uzito wake wote, kisha akamkumbatia mbavu kwa miguu mirefu na kuvuta vigwe kwa hofu. Farasi alifanya alichofundishwa: aliondoka. Kusimama wakati wa kupandwa ni somo ambalo hakuwahi kupewa, na huwezi kumwadhibu mwanafunzi kwa mtihani wa darasa ambalo hakulisoma.

Yako pia yale aliyozaliwa nayo. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa. Anaona karibu duara zima, isipokuwa mbele kidogo ya paji la uso na nyuma ya mkia. Kitu kinachoinuka kutoka ubavuni na kutua mgongoni kwa kishindo, kwa mababu zake kilikuwa na makucha. Kwa hiyo usilirushe tandiko, hata siku atakapokuwa amezoea.

Anza nje ya banda. Mahali penye kuta ndipo anapokubana, na farasi asiyeona njia ya kutokea huwa na woga maradufu. Tafuta ua wenye nafasi, mwenzako amshike kwa kamba ya kuongozea bila kumfunga popote, naye asimame upande uleule uliopo wewe, ili farasi akishtuka kichwa kivutwe kwenu na miguu ya nyuma iende mbali nanyi. Tandiko liweke juu ya uzio, umbali ambao farasi analitazama tu kisha anarudi kwenye nyasi zake. Huenda umbali huo ni hatua kumi, huenda ni ishirini. Farasi ndiye anayeupima. Kaa naye hapo, mkune kilele cha mabega kwa vidole, kwa nguvu kidogo, kama farasi wenyewe wanavyokunana kwa meno. Watafiti wawili walioandika nchini Ufaransa mwaka 1993 walipima mapigo ya moyo ya farasi waliokunwa mahali hapo na kuona yanashuka, jambo ambalo masaisi wengi walilijua kwa mikono yao. Nawe unaweza kuyapima: pitisha vidole chini ya mfupa wa taya, utafute mshipa unaoteleza kama uzi mnene, uhesabu kwa sekunde 15, kisha uzidishe kwa nne. Farasi mzima aliyetulia huwa na mapigo kati ya 28 na 44 kwa dakika. Ukikuta 60 ilhali amesimama tu, uko karibu mno, hata kama uso wake unaonekana mpole.

Siku atakapokuwa anakula bila kujali, lichukue tandiko ulisogeze kwake hatua moja, usimame, kisha urudi nalo nyuma. Kurudi huko ndiko kunakofundisha, na hapa ndipo watu wengi huharibu. Ukirudi nyuma wakati anazunguka na kuvuta kamba, umemfundisha kwamba kuzunguka ndiko kunakoondoa tandiko, na kesho atazunguka zaidi. Ukirudi nyuma pale tu anapotulia, hata kwa pumzi moja, anaelewa kwamba utulivu ndio unaoliondoa. Akianza kuzunguka, usiongeze hatua wala usipunguze. Baki mahali ulipo, mpaka kichwa kishuke, au apumue kwa nguvu puani, au alambe midomo, kisha uondoke mara moja. Kuwahi huko ndiyo kazi yote, nacho ndicho kitu kinachochukua miaka kukijua. Mimi bado hunipita siku nyingine.

Baada ya tandiko kuweza kufika begani bila kelele, liache kwanza, utumie kitambaa cha chini ya tandiko. Mnusishe, mpangusie nacho shingoni, mgongoni, tumboni, kiweke na ukiondoe mara nyingi mpaka kimchoshe. Yote utakayofanya kushoto yafanye na kulia kana kwamba hajawahi kuyaona, kwa kuwa farasi aliyezoea kitu kwa upande mmoja huweza kukishangaa upya kikija kwa upande wa pili. Mkanda wa tumbo nao uwe somo la peke yake: uzungushe mkanda laini bila tandiko, uushike kwa mikono miwili, uukaze kidogo kama unayemkumbatia, uhesabu mpaka tatu, ulegeze. Tandiko likija kuwekwa, vikuku viwe vimepandishwa na kufungwa visimpige mbavuni, na mkanda ukazwe tundu moja, atembezwe mzunguko mmoja, kisha tundu la pili.

Nasisitiza tundu moja moja kwa sababu ya kosa langu mwenyewe. Miaka mingi iliyopita nilikuwa na farasi jike mdogo ambaye tayari alikuwa anakubali tandiko, na mwenye farasi alikuwa aje Jumamosi kumwona. Ijumaa jioni nikaona nimalize, nikaukaza mkanda kwa mkupuo mmoja. Alisimama kimya kwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kisha mgongo ukapinda kama upinde, akaruka mateke uani kote mpaka tandiko likazunguka na kuning'inia chini ya tumbo, vikuku vikimpiga miguuni kila hatua. Hakuumia mwili. Lakini kazi iliyokuwa imebaki ya siku tatu ilinichukua karibu nusu mwaka, na mpaka anaondoka kwangu alikuwa bado anageuza sikio moja nyuma akisikia mlio wa pete ya mkanda.

Hii ndiyo sababu sikubaliani na kigingi. Farasi anayepigana na kamba asiyoweza kuikata anaweza kujivunja shingo au mguu. Yule anayeacha kupigana baada ya saa kadhaa si lazima awe amezoea; mara nyingi amekata tamaa tu, amesimama macho makavu, hasikii wala haoni, na woga wote uko ndani palepale ulipokuwa. Farasi wa namna hiyo humpendeza mnunuzi kwa wiki mbili, halafu siku moja, kwa jambo dogo kama mfuko wa nailoni uliopeperushwa na upepo, hulipuka mtu akiwa juu.

Kumpanda kuje mwisho, na kuje kwa vipande. Tengeneza kipandio imara, kisha mfundishe kwanza kusimama pembeni ya kipandio hicho wewe ukiwa umesimama juu ya kipandio, bila kumgusa. Halafu uegemee tandiko kwa mikono. Halafu uegemee kwa kifua, ukijikunja tumbo juu ya tandiko kama gunia, mwenzako akiwa ameshika kamba, ushuke kabla hajaanza kuhangaika. Siku nyingine uuvushe mguu polepole bila kumgusa kiunoni, ukae, umkune shingo, ushuke, umfungue tandiko, kazi ya siku imekwisha. Mpandaji avae kofia ngumu hata kwa dakika hizo mbili, na awe mtu mwepesi mwenye kutulia, siyo kijana aliyeanguka. Dakika 10 hadi 15, mara moja au mbili kwa siku, zinatosha kabisa. Mwajiri akikuuliza ni lini atakuwa tayari, mwambie wiki kadhaa ikiwa mambo yatakwenda vizuri, na miezi ikiwa hayatakwenda. Mwambie pia kwamba farasi huyo alianza kupandwa akiwa na mwaka mmoja na nusu au miwili, kwa haraka, kwa ajili ya mbio, na huenda hii ndiyo mara ya kwanza mtu yeyote kumsubiri.

*Je, kuna ubaya kumchoma farasi sindano ya kumtuliza kabla ya kumpanda mara ya kwanza? Jirani yetu anasema ndivyo wanavyofanya wataalamu. — Msomaji, Arusha*

Uko, na ni mkubwa. Dawa za kutuliza zina mahali pake, kwa mfano daktari anapomtibu meno au kumshona jeraha, lakini farasi aliyelevywa ni farasi asiyeimiliki miguu yake vizuri, na mtu haketi juu ya mnyama anayeweza kujikwaa na kuanguka naye. Dawa pia haiondoi woga. Huufunika tu, na kishindo kikali kinaweza kuupasua huo mfuniko kwa ghafla bila dalili zile ambazo kwa kawaida zingekuonya. Zaidi ya hayo, anachojifunza akiwa nusu usingizini hakibaki sawasawa akiamka, hivyo siku ya pili utaanza upya. Ipo dawa mojawapo itumikayo sana ambayo kwa madume huweza kuacha uume umening'inia na kushindwa kurudi, kilema ambacho wakati mwingine hakiponi. Sindano iachie daktari wa mifugo, na jirani yako mwachie maoni yake.

*Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Unguja, naishi Muscat na mume wangu. Tuna farasi jike wa Kiarabu wa miaka mitatu ambaye hajapandwa hata mara moja. Ni mpole, ila kitambaa kikipepea tu anaruka upande. Wajomba wa mume wangu wanasema tumeshachelewa, angeanzishwa akiwa na miaka miwili. Je, ni kweli? — Mama wa Farasi, Muscat*

Marahaba, mwanangu. Hamkuchelewa, na mgongo wake utawashukuru. Mifupa ya farasi haikomai yote kwa pamoja: ile ya chini ya miguu hutangulia, goti hufuata akiwa na miaka miwili na zaidi, na uti wa mgongo, ambao ndio unaobeba mtu, hukamilika wa mwisho, akiwa amepita miaka mitano. Mwaka huu mfundisheni tandiko, kamba na sauti ya amri, na mtu akikaa juu iwe mwepesi, kwa dakika chache za kutembea tu. Mbio zisubiri.

Kwa kitambaa kuna njia moja ninayoipenda kuliko zote. Badala ya kumpelekea farasi kitambaa, kifungeni kwenye fimbo, mtu mmoja atembee mbele akikiburuta huku anakwenda zake, na wewe umfuate pamoja na farasi kwa umbali anaouridhia yeye. Kitu kinachokimbia hakitishi. Muda si mrefu utaona shingo imenyooka, masikio yameelekea mbele, na yeye ndiye anayetaka kukifikia. Mwacheni akifikie, akinuse, akikanyage hata. Baada ya siku kadhaa za kukifukuza kitambaa, atakuruhusu kukiweka mgongoni kwa urahisi ambao usingeupata kwa kumshikilia.

Farasi wa Kiarabu ana mgongo mfupi, na baadhi yao wana jozi 17 tu za mbavu, kwa hiyo tandiko lililotengenezwa kwa farasi mkubwa wa Ulaya litamfinya kiunoni, naye atalichukia kwa haki. Angalieni urefu wake kabla ya kuangalia uzuri wake. Wazee wa pwani waliita tandiko la namna ya Kiarabu *seruji*, na nadhani wenyeji wenu hapo watalitambua neno hilo bila kutafsiriwa. Joto la Muscat nalo ni mwalimu mkali: miezi ambayo kipimo kinapita nyuzi 40 fanyeni kazi alfajiri, na mkanda wa tumbo uoshwe kila siku, kwa kuwa jasho likikauka hugeuka chumvi ngumu inayochubua ngozi laini nyuma ya kiwiko, na farasi mchanga aliyechubuliwa mara moja huanza kuuogopa mkanda kwa sababu isiyo na uhusiano wowote na mafunzo yenu.

Wajomba wakirudi na maneno yao, waulizeni kuhusu ardha, yale maonesho ya Oman ya farasi na ngamia ambayo UNESCO iliyaingiza mwaka 2018 katika orodha ya urithi wa tamaduni zisizoshikika. Humo farasi wawili hukimbia sambamba, na wapandaji husimama wima migongoni wakiwa wameshikana. Wao wanajua vizuri kuliko mimi kwamba farasi wa aina hiyo hapatikani kwa kuharakishwa.

*Mimi sina farasi, nina punda, hapa Lamu. Nikimletea sogi ya kubebea mizigo anasimama kama jiwe, hasogei mbele wala nyuma. Ni woga au ni uvivu? — Mchukuzi*

Mara nyingi ni woga, au ni maumivu. Farasi akiogopa hukimbia kwanza na kufikiri baadaye. Punda husimama akafikiri, na akishindwa kupata jibu huendelea kusimama. Kwa hiyo huko kuganda kwake ndiko kuruka kwa farasi, ila tu hakupigi kelele, na ndiyo maana punda wengi hupigwa fimbo kwa kosa la kutia hofu kimyakimya. Inua sogi utazame mgongo na chini ya mkia kama kuna mchubuko, hata mdogo. Ukiuona, mpeleke kwenye kituo cha tiba ya punda hapo Lamu mjini, ambacho kimekuwepo tangu 1987, na asibebe chochote mpaka mchubuko upone. Ikiwa ngozi ni nzima, weka sogi tupu chini mbele yake, mwache ainuse kwa muda autakao, kisha ufuate hatua nilizompa saisi wa Karen. Utashangaa punda anavyojifunza upesi mara akishaamini.

*Binti yangu wa miaka 14 aliangushwa na farasi miezi miwili iliyopita hapa Naivasha. Hakuvunjika, ila sasa anatetemeka akipanda. Ajabu ni kwamba farasi yuleyule ametulia na watu wengine, lakini akiwa na binti yangu anashtuka kwa kila kitu. Je, farasi anamchukia? — Mama mwenye wasiwasi*

Hamchukii, Mama, anamsikiliza. Watafiti wa Uswidi waliandika mwaka 2009 kuhusu jaribio ambalo naliona zuri kwa wepesi wake. Waliwaambia watu waliokuwa wanaongoza au kupanda farasi kwamba wakipita mahali fulani mara ya mwisho, mwavuli utafunguliwa ghafla mbele yao. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pamoja nayo, ingawa farasi hawakuambiwa chochote. Walichokisoma farasi hao kilitoka kwa watu wao, na binti yako anapokaza mapaja, anapozuia pumzi na kufupisha vigwe kwa hofu ya kuanguka tena, farasi anaelewa jambo moja tu, kwamba aliye juu yake ameona hatari ambayo yeye bado hajaiona.

Kwa hiyo hapa wa kufundishwa ni wawili. Kwa majuma mawili asipande kabisa. Awe anamsafisha, anamtandika na kumtembeza kwa kamba, mpaka mikono yake itulie. Kisha apande farasi akiwa ameongozwa na mtu mzima, yeye asishike vigwe, bali ashike ukanda uliofungwa shingoni mwa farasi. Akiingiwa na hofu atavuta ukanda huo na siyo mdomo wa mnyama, na mdomo ukisalimika farasi hupata sababu moja pungufu ya kushtuka. Mwambieni aimbe. Nasema hivyo bila mzaha, kwa sababu mtu anayeimba hawezi kuzuia pumzi, na pumzi ndiyo ya kwanza kuisaliti hofu. Asiachwe mpaka achoke. Ashushwe pale anapokuwa bado anaomba mzunguko mmoja zaidi.

Hakikisheni pia farasi si mdogo mno kwake. Mpandaji pamoja na tandiko wasizidi moja ya tano ya uzito wa farasi, na chini ya hapo ni bora zaidi. Mtoto wa miaka 14 huongezeka kilo nyingi kwa mwaka mmoja, na farasi aliyemfaa mwaka jana huenda sasa anasumbuliwa mgongo. Na ile kofia aliyoivaa siku ya kuanguka, ikiwa iligonga ardhi, msiitumie tena hata kama hamwoni ufa, kwa kuwa sponji gumu la ndani hupondeka mara moja tu.